Nilimchezesha Mama Mkwe Mbele ya Walimu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijaharibu na kile kidogo kilichobaki, maana jambo hili nimekaa nalo mpaka chakula hakipiti, na yule ambaye ningemkimbilia kumweleza ndiye mwenyewe niliyemkosea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Qurus, nilimaliza kidato cha nne nikaenda chuo cha ualimu ngazi ya cheti, na mwaka huu baada ya Pasaka nimeolewa. Nimeolewa, mshauri! Hata kuliandika neno hili kunanifanya nitabasamu peke yangu kama mjinga. Mume wangu anaitwa Valeriani, ni dereva wa watalii, anawashusha kreta kutazama wanyama na kuwapandisha, na akirudi nyumbani nguo zake zinanukia vumbi na ule ukungu wa kule ukingoni, na mimi nazinusa kabla sijazifua, usinicheke. Tulikutana siku gari lake lilipokwama kwenye tope karibu na shule, nikatoka na darasa la saba kulisukuma, matairi yakanirushia tope kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, akashuka kuniomba radhi, na nadhani hajaacha kuniomba radhi mpaka leo, kila akileta zawadi anasema hii ni ya lile tope. Nina furaha mpaka naogopa. Na furaha hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza.

Tunaishi kwenye kiwanja cha mama yake, nyumba yetu na yake zinatazamana, na mama huyo, Mwalimu Lukresia, anafundisha darasa la kwanza shuleni kwetu, yupo hapo tangu Valeriani hajazaliwa, na Desemba hii anastaafu. Ni mjane, baba mkwe alifariki mwaka juzi, mimi sikumkuta. Watu walinitisha kwamba kuishi mlango kwa mlango na mama mkwe ambaye pia mnafanya naye kazi nitakoma, lakini nakuambia ukweli, nilikuta mama. Mimi nimekulia kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma, Kiiraqw changu, lugha ya wenyeji wa hapa, kinaishia kwenye "saita" ya kusalimia, na yeye hakunifanya mgeni hata siku moja. Kila asubuhi alikuwa ananiwekea maziwa kwenye chupa ya chai mlangoni, anagonga mara moja, "Mwanangu, maziwa," halafu anaondoka asije akatukuta hatujaamka.

Siku ya harusi yetu watu walicheza mpaka vumbi likafika kwenye keki, lakini mama alikaa kwenye kiti chake amenyooka anapiga makofi. Nilimfuata mwenyewe na shela langu nikamvuta mkono, akanishika shavu akasema, "Cheza wewe mwanangu, mimi natazama." Nikadhani ni uchovu wa maandalizi, nikarudi kwa Valeriani wangu nikacheza.

Sasa, muhula huu mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Remigius, alinichagua niwe mratibu wa jumuiya ya ujifunzaji, yaani vile vikao vya walimu kufundishana wenyewe kwa wenyewe baada ya vipindi, vinavyofanyika kila Jumatano saa tisa. Nikapelekwa Karatu mjini kwenye mafunzo ya waratibu, na mshauri, nilifurahi kule! Mwezeshaji alitubandikia kanuni za semina kwenye bangokitita, simu zizimwe, muda uzingatiwe, tuheshimu mawazo ya kila mtu, na anayechelewa acheze mbele ya wenzake. Mimi mwenyewe siku ya pili nilichelewa kwa sababu Valeriani alinipitishia chapati akanizungumzisha getini, nikachezeshwa, nikacheza kwa raha zote, watu wakashangilia, wakaimba bi harusi bi harusi. Nikaona kumbe hii ndiyo njia ya kuchangamsha walimu! Mtu aliyeolewa majuzi anadhani kila mtu anatafuta tu sababu ya kucheza.

Nikarudi nyumbani, Jumamosi nikakaa na karatasi kubwa na kalamu nyekundu, Valeriani ananishikia rula, nikaandika zile zile kanuni za Karatu neno kwa neno, pembeni nikachora maua. Sikumuuliza mwalimu yeyote. Niliona nikiwauliza watapoteza muda kubishana, na mimi nilitaka kikao changu cha kwanza kiende vizuri kama harusi yangu. Na ajenda nayo niliichukua kutoka kule kule, kutengeneza zana za kufundishia hesabu kwa vizibo vya soda.

Jumatatu jioni mama alinikuta kwenye uzio nikianika akaniambia, "Mwanangu, Jumatano naomba tuwazungumzie watoto wangu wa darasa la kwanza. Wengi wanaingia hawajui Kiswahili, wanakaa miezi wananitazama mdomo tu. Nina namna ninavyowaanza. Naondoka Desemba, nataka niiache kwa mtu." Nikamjibu, "Hamna shida mama, nitaiweka." Na kweli niliiweka. Niliiweka mwisho kabisa, kwenye mengineyo.

Jumatano ikafika, mawingu yakawa yamefunga upande wa Oldeani toka mchana. Saa tisa kamili walimu wengine wote wamekaa ofisini, nikasoma kanuni zangu, nikauliza, "Tumekubaliana?" wakajibu "Ndiyooo" kama darasa la pili, nikafungua kikao. Mama hayupo. Mvua ikaanza kupiga bati. Tukiwa tumeshagawana vizibo, mlango ukafunguliwa, akaingia anahema, kitenge kimelowa mabegani.

Mwalimu Obedi, ambaye ni mtani wa kila mtu na ndiye niliyempa kazi ya uchangamshaji, akaruka kwenye kiti. "Mwenyekiti! Kanuni namba nne hiyo imeingia kwa miguu yake!"

Mama akasema, "Samahanini walimu. Niliona mvua inakuja nikapita nyumbani mara moja."

"Mvua haikualikwa kwenye kikao!" Obedi akasema, watu wakacheka. Halafu mwalimu mmoja kule nyuma akanong'ona, lakini nikasikia, "Huyo hachezeshwi, ni mkwewe."

Mshauri, hapo ndipo nilipopotea. Niliona wananijaribu, niliona nikimwacha watasema kikao ni cha familia. Nikasimama nikasema kwa sauti, na ilikuwa sauti ya kujivuna, "Mwalimu Lukresia, hapa hatuna mama wala mkwe. Hapa ni kikao. Kanuni tumeipitisha wote."

Akanitazama. Akageuka akalisoma lile bango lote taratibu, mpaka chini, mpaka kwenye maua. Akaweka mkoba wake juu ya meza. Obedi akawasha muziki kwenye simu yake, na mama akacheza.

Alicheza, mshauri. Nilidhani atazunguka mara moja akae kama tulivyofanya sisi kule Karatu. Alicheza wimbo mzima, ametazama ukutani, mikono imeshuka, miguu inalowanisha sakafu, na makofi yakawa yanapungua mtu mmoja mmoja mpaka yakabaki ya Obedi peke yake, na yeye naye akaacha. Wimbo ulipoisha akaniuliza, "Inatosha, Mwenyekiti?"

Nikasema inatosha. Akakaa. Tukaendelea na vizibo, na muda ukaisha kabla hatujafika kwenye mengineyo.

Tulipotoka kunawa gundi mikononi, Mwalimu Naipanoi, ambaye amehamia kwetu akitokea Olbalbal, alinimiminia maji akasema bila hata kunitazama, "Kule nilikotoka watoto wanatembea na ng'ombe kutafuta maji kabla hawajaja darasani. Mtu akichelewa tunamuuliza kwanza amekutana na nini njiani." Nikanawa.

Nilipofika nyumbani nilikuta shuka zangu juu ya kiti cha barazani, zile nyeupe za harusi nilizopewa na mama yangu, nilizianika asubuhi nikazisahau. Zilikuwa kavu. Zimekunjwa vile mama mkwe anavyokunja, foronya zimewekwa katikati. Nilikaa chini pale pale kwenye baraza.

Valeriani aliporudi Ijumaa nilimsimulia, nikijifanya ni kichekesho, unajua mtu anavyosimulia kitu kinachomuuma. Akaanza kucheka, halafu akaacha. "Umemchezesha mama?" Nikasema ilikuwa kanuni. Akasema, "Eva, mama na baba walikuwa wanacheza. Kila sherehe hapa Qurus walikuwa wanaitwa wao kwanza. Tangu tumzike baba, mama alikuwa hajacheza. Hata kwenye harusi yetu nilimwomba, akaniambia bado." Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alitoka akaenda kukaa kwa mama yake, akala huko, na kusema kweli chakula chake cha kwetu nilikuwa sijakipika.

Tangu siku hiyo maziwa bado nayakuta mlangoni. Bado anagonga mara moja. Lakini sasa anasema, "Mwenyekiti, maziwa." Nikimwamkia anaitikia vizuri kabisa, "Marahaba, Mwenyekiti." Hakuna kejeli kwenye sauti yake, ndiyo mbaya zaidi. Kikao kilichofuata walimu wote waliwahi, hakuna hata mmoja aliyechelewa, na hakuna aliyefungua mdomo, walikaa kama watahiniwa, nikiuliza swali wananiangalia mimi halafu wanaliangalia bango. Mama hakuja kabisa. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba yeye yuko njiani kustaafu, atabaki darasani kwake asahihishe madaftari.

Na sasa Mwalimu Remigius ameniita ofisini akaniambia Januari darasa la kwanza nalipokea mimi. Mimi, mshauri! Ambaye mtoto akinililia kwa Kiiraqw sijui kama anaomba maji au anaumwa tumbo. Na mtu pekee aliyetaka kunionyesha njia nilimweka kwenye mengineyo nikamchezesha.

Nifanye nini? Nimwombe Valeriani anisemee kwa mama? Niache huu uratibu apewe mwingine? Nimnunulie mama kitenge kizuri nimpelekee? Naipenda ndoa yangu kuliko kitu chochote, nampenda na huyu mama, na Jumatano ijayo kuna kikao tena na sijui nitasimamaje mbele ya lile bango. Naomba unijibu upesi.

Ni mimi mwenye majuto,
Eva, Qurus

JIBU LA MSHAURI

Eva, marahaba. Majina yote na jina la kata nimeyabadilisha, wewe hukuniomba lakini nimefanya, maana huyo mama ameshachezeshwa mara moja na inatosha.

Kwanza pole. Barua yako nimeisoma nikacheka kwenye tope, na nilipofika kwenye shuka nikaiweka chini. Wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya angesimulia kisa hiki bila kuzitaja foronya. Lakini pole nimeshakupa, sasa nisikilize.

Unajiliwaza kwamba ulifuata kanuni. Kanuni ya nani? Uliichukua kwenye semina ya mjini, ukaiandika Jumamosi nyumbani kwako na mumeo akikushikia rula, ukawasomea watu wazima na kuwauliza kama wamekubali huku umeshaibandika ukutani. Ile "ndiyooo" unaijua vizuri kuliko mimi, ndiyo ile ile wanafunzi wako wanayokujibu ukiwauliza kama wameelewa. Watu hawawezi kuvunja makubaliano ambayo hawakuyafanya. Ulichokuwa nacho ukutani ni amri yenye maua.

Na hata kwenye hiyo amri ulichagua unachotaka. Kanuni ya tatu, kwa maandishi yako mwenyewe mekundu, ilisema mheshimu mawazo ya kila mtu. Wazo la Mwalimu Lukresia uliliheshimu vipi? Ulilisukuma kwenye mengineyo ambako ulijua hamtafika. Kanuni ya kwanza ilisema simu zizimwe. Mkazizima kwa ajili ya kujifunza, mkaiwasha moja kwa ajili ya kumchezesha mama. Iliyobaki na nguvu katika chumba kile ni ile ya adhabu peke yake, na walimu wenzako wameliona hilo, ndiyo maana sasa wanawahi na wananyamaza. Unalo kundi linalofika saa tisa kamili kuja kuogopa. Vikao hivyo vipo ili mwalimu aweze kusema mbele ya wenzake, "Hili mimi linanishinda." Nani atasema linamshinda mahali ambapo kuchelewa tu kunamfanya achekwe?

Lakini kilichokuponza zaidi hakipo kwenye bango. Ulisikia mnong'ono mmoja kutoka nyuma, "ni mkwewe," ukaamua kuwaonyesha kwamba wewe ni mkali. Ulitaka kuonekana huna upendeleo, na aliyelipia sifa yako ni yeye. Angekuwa mwalimu mwingine ameingia amelowa, nina hakika ungemwambia akae apumzike. Hiyo haki uliyojivunia haikuwa haki, Eva. Ulikuwa umemzidishia adhabu.

Sasa maswali yako. Valeriani asikusemee. Usimfanye mwanaume achague maneno kati ya mke wa miezi michache na mama aliyebaki peke yake, hata kama ana ulimi mzuri wa kuomba radhi za tope. Alipokwenda kula kwa mama yake hakukukimbia, alikwenda kukaa na mama yake, na wewe ulipaswa kumfuata na sahani. Kitenge usinunue. Ukimpelekea zawadi utamlazimisha akushukuru, na hajafika huko. Uratibu usiache. Ukiuacha leo, kazi ya kulishusha lile bango utakuwa umemwachia mtu mwingine, na ulilipandisha wewe.

Nenda kwake. Nenda mchana, jikoni kwake, akiwa anachambua maharage au anakoroga uji, ukae chini ushike kazi mnayoweza kushika wawili. Useme, "Mama, nilikuaibisha mbele ya watu, na hukuwa na kosa. Shuka niliziona." Uishie hapo. Usitaje kanuni, usitaje Obedi, usitaje semina ya Karatu, usimweleze ulikuwa unajisikiaje. Usilie mpaka yeye aanze kukubembeleza, kwa sababu nakujua kwa barua moja tu, utalia, na yeye ataacha maharage akufute machozi, na mwisho wake mkosewa ndiye atakuwa amefanya kazi yote. Ukishindwa kujizuia, toka nje ulie ukirudi uendelee kuchambua. Na kuhusu baba mkwe usimguse. Usimwambie Valeriani amekueleza. Hilo ni lake, akitaka kukupa atakupa.

Halafu muulize jambo moja. Aibu ilikuwa ya hadharani, kwa hiyo radhi nayo inadaiwa hadharani, lakini usije ukasimama Jumatano na hotuba ya kumwomba radhi wakati hajakuruhusu, watu wote wageuke kumtazama tena. Huko kutakuwa kumchezesha mara ya pili. Muulize, "Mama, ungependa niseme mbele yao au niache?" Akisema acha, uache. Akisema sema, useme kwa sentensi mbili ukae.

Jumatano uwahi wewe kabla ya wote. Lile bango ulishushe wakiwa wanakuona, usilichane kwa vishindo, ukunje uweke pembeni. Bandika karatasi tupu. Mpe kalamu mtu mwingine, mpe Mwalimu Naipanoi, ameshakupa kanuni ya kwanza na hukuisikia, ile ya kumuuliza anayechelewa amekutana na nini njiani. Kisha waulize wenzako swali moja tu: "Ni nini kingekufanya uwe huru kusema hapa kitu kinachokushinda darasani?" Unyamaze. Kimya kitakuwa kirefu, na wewe hupendi kimya, utatamani kukijaza na utani. Usikijaze. Watakachosema kiandikwe kwa maneno yao, hata kama kimepinda. Adhabu isiwemo. Anayechelewa aelezwe mmefikia wapi, basi. Na Obedi mwache na utani wake, ana kipaji, lakini mwambie wewe mwenyewe pembeni kwamba utani unamfuata anayeutaka. Nadhani naye halali vizuri. Mtu anayepiga makofi peke yake kwenye chumba kilichonyamaza hasahau upesi.

Ajenda usiitoe tena mjini. Pita madarasani wiki moja kabla, uliza kila mwalimu ni kitu gani kilimkwamisha, chagueni pamoja kimoja, kimoja tu, na kikae mwanzo watu wakiwa bado na nguvu. Kwenye mengineyo weka matangazo na michango ya misiba. Kitu kinachomhusu mtoto anayekaa miezi akimtazama mwalimu mdomo si mengineyo, hicho ndicho kikao chenyewe. Vizibo vya soda vingesubiri.

Kuhusu darasa la kwanza, utamwomba Mwalimu Lukresia akuruhusu ukae darasani kwake, kwenye benchi la nyuma na magoti yako yakigusa kidevu, umwone anavyowaanza. Lakini sikiliza vizuri: usilitoe ombi hilo siku ile ile ya kuomba radhi. Akianza kuhisi unamwomba msamaha ili akufundishe kazi, utakuwa umeharibu vyote viwili. Subiri. Na huku unasubiri, jifunze Kiiraqw kutoka kwa watoto wenyewe. Watakucheka sana. Waache wakucheke, uone kunavyokuwa kusimama mbele ya watu na kitu usichokiweza.

Inawezekana akakataa. Inawezekana Desemba ikafika hajarudi kwenye vikao vyako, akakabidhi funguo za darasa akaenda zake, na ile namna yake ya kuwaanza watoto akaenda nayo. Sina dawa ya hilo na sitakudanganya. Na lipo lingine ambalo halirudi kabisa. Alimwambia mwanawe "bado." Mtu anayesema bado ana siku yake anayoingojea, labda mjukuu, labda alikuwa hajui mwenyewe. Kucheza kwake kwa kwanza tangu amzike mumewe kulikuwa mali yake, na mlimpokonya kwenye ofisi ya walimu kwa muziki wa simu. Hicho hutaweza kumrudishia, Eva, hata ukiishi naye miaka mingapi. Utaishi ukijua.

Lakini mwanamke huyu bado anakuletea maziwa. Anakuita Mwenyekiti na bado anagonga mlango. Mlango huo haujafungwa, amesimama tu nje yake mpaka umkaribishe kama mtu mwenye akili. Siku akikuita mwanangu tena, usipige vigelegele, usimpigie Valeriani simu kreta. Sema "abee, mama," uendelee na ulichokuwa unafanya.

Na mawingu yakifunga tena huko Oldeani, toka ukaanue shuka zako mwenyewe. Ukimaliza, vuka uanue na za kwake.